Unga wa Bi Sikudhani

Tulipomaliza kumzika Mwajuma, wanawake wa mtaa wa Mafiga walirudi jikoni nyuma ya nyumba yake kuwapikia waliokuja msibani, nami kwa uzee wangu nikapewa kigoda karibu na moto nisiguse kazi. Walikuwa wakichekecha ule unga wa njano unaouzwa kwa foleni siku hizi, na mazungumzo yao yalikuwa ya unga huo huo: kwamba unanuka gunia, kwamba umekaa melini mpaka ukachoka, kwamba bei imepanda na bado mwenye duka anakupimia kama anakupa sadaka. Binti mmoja, mjukuu wa marehemu, akasema haijapata kutokea katika nchi hii watu wakala vitu wasivyovijua. Nikanyamaza, kwa sababu msibani si mahali pa kubishana. Lakini moyoni nilikuwa nikimwona bibi yake alipokuwa na umri kama wake, ameinama juu ya ungo katika ua wa Bi Sikudhani karibu na stesheni, ananinyooshea kidole chenye unga na kuniambia nionje nimwambie ni kitu gani. Kati ya waliokuwa ndani ya jiko lile mwaka ule nimebaki peke yangu. Nimemwomba mjukuu wangu ashike kalamu, nami nimsimulie.

Ulikuwa mwaka wa mwisho wa Wadachi, yaani Wajerumani, katika Morogoro. Vita vilikuwa vimeshaanza zamani, lakini kwetu vilikuwa bado vitu vya kusikia tu: watu walipita wakielekea kaskazini, na wengi hawakurudi. Mume wangu, tuliyekuwa tumeoana naye muda si mrefu, alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, nami nikaenda kwa Bi Sikudhani kutafuta kazi ya kutwanga. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili wake. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili, ukumbi mpana ulioezekwa nyasi, na kibanda cha jiko upande wa nyuma. Adhuhuri na jioni watu wa reli walikaa kwenye mikeka ya ukumbi ule, wapasua kuni, wachochea moto wa garimoshi, mafundi wa njia, mikono yao myeusi kwa masizi hata baada ya kunawa. Tulikuwa wasichana wawili wa kazi, Mwajuma na mimi. Yeye alichekecha, mimi nilitwanga, na Bi Sikudhani mwenyewe ndiye aliyesonga. Hakumruhusu mtu mwingine kushika mwiko.

Habari zote za dunia zilifika ukumbini pale kabla hazijafika bomani. Kutoka kwa watu wa reli ndiko nilikosikia kwamba meli za Waingereza zimeifunga bahari, na nikaanza kuelewa kwa nini vitu vilikuwa vikitutoroka kimoja kimoja. Kwanza ilitoka sukari, tukatia maji ya miwa katika kahawa. Kisha kahawa yenyewe ikatoka, tukakaanga mahindi mpaka yakawa meusi, tukayasaga na kuyachemsha, na watu wakanywa wakiangalia pembeni. Samaki wakavu wa pwani wakakoma kuja. Mafuta ya taa yakaisha, tukawasha ya nyonyo yaliyotoa moshi wa kukohoza. Chumvi haikutoka kabisa, ila ilibadilika. Ilikuwa ya kijivu na yenye unyevu, na ukiimimina katika maji na kuyaacha yatulie unakuta chini tabaka la mchanga laini kama wa mtoni. Wengine walilaani. Mimi, nasema kweli, nilipenda kutazama. Nilikuwa na tabia ya kutaka kujua kila kitu kimetengenezwa na nini, na mwaka ule kila kitu kilikuwa kimetengenezwa na kitu kingine.

Unga tuliununua kwa Hirji, Mhindi mwenye duka la bati mkabala na soko. Kipimo kilishikwa na kijana wa Kiluguru aliyeitwa Kibwana, mtaratibu, mwenye nyusi zilizojaa unga kutwa nzima kama mzee mwenye mvi. Siku moja niliona kibaba alichopimia si kile cha zamani. Bei ilikuwa ile ile, ila chombo kilikuwa kimekuwa kifupi. Nikamuuliza Kibwana, naye akamtazama tajiri wake. Hirji hakuona haya. Alinieleza, kama anayemfundisha mtoto, kwamba boma limemkataza kupandisha bei lakini halikumkataza kununua kibaba kipya, na kwamba bei ikipanda watu hugomba, kibaba kikipungua huondoka kimya. Akaongeza kwamba unga wake ni mahindi matupu, na atakayetaka na achekeche. Tulichekecha. Ulikuwa mahindi matupu, wenye pumba nyingi kuliko zamani, lakini mahindi.

Hapo ndipo udadisi wangu ulipopata kazi ya kufanya. Unga tuliobeba kutoka dukani ulipungua wiki hata wiki, na walaji hawakupungua. Kila treni ilileta wengine. Lakini sufuria ya Bi Sikudhani iliendelea kujaa. Mwajuma aliliona jambo hilo kabla yangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika unga. Aliniambia kwamba unga anaoukabidhi jioni si ule anaoukuta asubuhi: ule wa jioni mweupe, wa asubuhi una rangi kama ya vumbi la barabarani. Ugali nao ulikuwa umebadilika. Ulivutika kidogo unapokata tonge, na ulikaa tumboni muda mrefu zaidi. Hakuna aliyelalamika ukumbini. Feruzi, mchochea moto wa garimoshi aliyejulikana kwa kulalamika, alisema tu kwamba ugali wa pale una nguvu, na akaomba uongezwe. Mwajuma alidhani Bi Sikudhani anatia pumba zilizosagwa mara ya pili. Mimi niliunusa unga ule kwa muda mrefu. Ulikuwa na harufu ya majani yaliyokauka juani, na nikajua nimewahi kuinusa utotoni, ila sikukumbuka wapi.

Asubuhi moja ya Ijumaa, Bi Sikudhani alipotoka na kikapu kichwani kabla hatujawasha moto, nilimfuata. Alivuka mto pale pa mawe, akashika njia ya Bigwa inayopanda mlimani. Kwenye uwazi chini ya mashamba walikuwa wamekaa wanawake watatu wa mlimani na vikapu vyao, wakaamkiana kwa Kiluguru, pole pole, na kuulizana habari za watoto na mvua. Kisha akawafungulia kikapu chake. Kilikuwa na mapande ya sabuni aliyokuwa akiichemsha mwenyewe kwa majivu na mafuta ya nyonyo, nao wakampa vipande vya ndizi mbichi vilivyokaushwa, vigumu, vya kijivu, kikapu baada ya kikapu. Pale pale nikaikumbuka harufu ile. Bibi yangu alikuwa akituwekea unga wa namna hiyo darini, kwa ajili ya miaka mibaya.

Nilikuwa nimejificha vibaya. Bi Sikudhani alisema bila kugeuka, "Tatu, umekuja kunipeleleza au kunisaidia kubeba?"

Nikajitokeza na kumwamkia, shikamoo, kwa sauti isiyosikika. Nikamwambia nimekuja kujua.

"Basi beba. Utajua vizuri zaidi."

Tulishuka tumejitwika vikapu, na njiani alinieleza yote, hata nikashangaa jinsi alivyoonekana kufurahi kupata mtu wa kumwambia. Alianza kwa kutia konzi moja ya ndizi, akaionja, akatia mbili. Zikizidi, ugali unanata na kuwa mweusi, na mtu anauliza. Akagundua kwamba muhogo mkavu kidogo unarudisha weupe, na kwamba walaji wanatazama rangi kuliko ladha. Alipima kwa macho na ulimi, usiku kucha mpaka alipopata mchanganyiko usioulizwa. Nikamuuliza kwa nini asiwaambie watu, maana si sumu wala uchafu, ni chakula cha bibi zetu. Alisema mtu akila ugali anaouamini anashiba, na akiutilia shaka, hata uwe mahindi matupu, anaondoka na njaa yake. Tena wale watu wa reli walikuwa wakilipia mahindi. Wangeona wanapewa chakula cha miaka ya njaa. Nimelifikiria jibu lile mara nyingi katika maisha yangu. Kila ninapodhani nimeona kosa lake, nawakumbuka wale wanaume wakiondoka ukumbini wameshiba.

Tangu siku ile nilikuwa mshiriki wake, na baada ya siku chache Mwajuma naye, kwa sababu nisingeweza kumficha. Tulitwanga ndizi asubuhi mapema. Tulijaribu mbegu za maboga, tukajaribu mtama mwekundu, tukajaribu hata maembe mabichi yaliyokaushwa, ambayo yaliutia ugali uchachu tukawapa kuku. Ilikuwa kama mchezo, na niseme bila kuficha kwamba mwaka ule wa shida sikumbuki nikiwa nimechoshwa na maisha hata siku moja. Chumba cha ndani cha Bi Sikudhani kilikuwa na vyungu vyenye unga wa kila rangi, kila kimoja kimefunikwa kwa jani la mgomba, nasi tulijua kutambua kila unga kwa kuusugua kati ya vidole, macho yamefumbwa.

Mvua za masika zilituharibia. Ndizi hazikukauka, njia ya mlimani ikawa utelezi mtupu, na wanawake wa Bigwa hawakushuka. Bi Sikudhani akanunua unga wa muhogo kwa wachuuzi waliokuwa wakipita kutoka upande wa tambarare, watu tusiowajua, wenye haraka. Ulikuwa mweupe wa kupendeza. Aliutia kwa wingi kuliko kawaida, kwa kuwa ndizi hazikuwapo, na mchana ule watu walikula na kusifu weupe wa ugali. Kabla jua halijashuka walianza kutapika. Wengine walitapika wakapona papo hapo. Feruzi, aliyekula mara mbili, alianguka kwenye njia ya stesheni, miguu imemlegea, anahema kwa shida, na wenzake wakamrudisha kwetu wakamlaza katika chumba cha ndani, kati ya vile vyungu. Bi Sikudhani alimnywesha maji mengi na kumtapisha, akamshika kichwa saa nyingi kama mtoto wake. Sisi wawili tulisimama mlangoni bila kujua la kufanya.

Ukumbini wanaume walikuwa wameshapata mwenye kosa. Kila mtu alijua kibaba cha Hirji kimepungua. Mtu wa kupunguza kibaba, walisema, atashindwaje kutia sumu. Walikwenda dukani kwa kelele, askari wakaja, na kwa kuwa tajiri alikuwa amefunga mlango na kujificha, walimkamata aliyekuwa nje na unga mikononi. Walimchukua Kibwana. Jioni ile ile tulisikia kwamba asubuhi atapigwa hamsa ishirini, vile viboko vya boma ambavyo mtu mzima hutoka navyo akiwa hajui kukaa wala kulala.

Nilikwenda chumbani nikachukua unga uliobaki wa wale wachuuzi, nikagusisha kidogo tu kwenye ncha ya ulimi na kutema. Ulikuwa na uchungu mkali uliokaa mdomoni baada ya kusukutua. Muhogo mchungu, haukulowekwa, umekaushwa mbio mbio ukauzwa. Nilimwonyesha Mwajuma. Yeye akanishika mkono akaniambia nikikisema kitu kile kwa mtu yeyote tumekwisha, nyumba itafungwa, Bi Sikudhani atafungwa, nasi tutarudi kula nini na wapi. Kibwana ni kijana, mgongo wake utapona. Mwajuma hakuwa na roho mbaya. Nyumbani kwao kulikuwa na wadogo zake waliokula makoko ya sufuria ile. Lakini sikuweza. Nilimpelekea Bi Sikudhani unga ule katika kiganja, pale alipokuwa amekaa na Feruzi aliyelala usingizi sasa, nikamwambia uchungu huu hautoki kwa Hirji.

Alionja. Kisha akasema, "Nikienda, nyumba hii imekwisha."

Nikamwambia najua.

"Nenda kalale," akasema, na sikujua ameamua nini.

Asubuhi nilimkuta amejitanda kanga safi, amepanga vikapu vitatu vidogo, kila kimoja na unga wake: mahindi, ndizi, muhogo. Akanipa kimoja nibebe. Bomani tulimkuta Bwana Shauri, yaani mkuu wa boma, yuko barazani anakula chakula cha asubuhi. Nilitazama mkate wake kabla sijamtazama yeye. Ulikuwa mweusi, mzito, ukimomonyoka kila alipoukata, na nikajua kwa kuutazama tu kwamba ndani yake mna mtama na muhogo. Hata wao, nikawaza. Kibwana alikuwa amekalishwa chini kando ya ngazi, mikono nyuma, nyusi zake bado zina unga wa jana.

Bi Sikudhani hakupiga magoti. Alisema kwa ile sauti yake ndogo, "Unga ulioumiza watu niliuchanganya mimi nyumbani kwangu. Kijana huyu hakuugusa."

Bwana Shauri alijua Kiswahili, kile chao cha kukatakata. Aliuliza amechanganya nini, na kwa nini. Naye akamfunulia vikapu kimoja kimoja akamweleza, akianza na muhogo mchungu na jinsi alivyodanganyika kwa weupe wake. Alipofika kwenye kikapu cha ndizi, yule Mdachi akaacha kula. Alichukua konzi, akanusa, akatia ulimini, akauliza unakaa muda gani bila kuoza, akauliza huko mlimani ziko ndizi kiasi gani. Bi Sikudhani akajibu ukweli, kwa kuwa alikuwa amekuja kusema ukweli. Nilimwona Mdachi yule akitazama milima nyuma yetu kama mtu aliyeonyeshwa ghala. Kesi ilikuwa imeshamtoka akilini. Aliamuru Kibwana afunguliwe, na Bi Sikudhani awapikie wafungwa wa boma kwa chakula chake mwenyewe mpaka atakapoambiwa basi. Kibwana alipita mbele yetu bila kutusalimu. Alikuwa na haki yake.

Siku chache baadaye askari walipanda mlimani na wapagazi. Walikusanya mikungu mibichi kwa amri, nyumba hata nyumba, unga ukasagwa ukapelekwa jeshini, na ile njia ya Bigwa ikawa tupu. Mara moja tu alishuka mmoja wa wale wanawake watatu. Hakuleta kitu. Alimwambia Bi Sikudhani kwa Kiluguru kwamba watoto wake sasa wanakula mizizi, akarudi zake. Mwajuma na mimi tulibishana juu ya jambo hilo maisha yetu yote, mpaka mwezi uliopita akiwa kitandani. Yeye alisema mgongo wa kijana mmoja ulinunuliwa kwa ndizi za mlima mzima. Mimi nilimjibu kwamba Bi Sikudhani hakununua wala kuuza, alisema tu kilichotokea, na waliochukua ndizi ni wenye bunduki. Hatukupatana. Sasa hayupo wa kunijibu, na naona hoja yake imeanza kupata nguvu ndani yangu kuliko alipokuwa hai.

Ukumbi wetu ulikaa mtupu. Bi Sikudhani alipika kwa ajili ya wafungwa, akarudi, akafagia mikeka isiyokaliwa. Kisha siku moja alitutaka tumsaidie kuhamisha mafiga na sufuria kutoka kibandani, tukayapanga uani mbele ya ukumbi, mahali ambapo mpita njia yeyote angeona kinachotiwa. Wa kwanza kurudi alikuwa Feruzi. Alikuja na mahindi yake mwenyewe katika kitambaa, akasimama juu ya sufuria tangu maji yalipowekwa mpaka ugali ulipoiva, akiuliza kila konzi ni ya nini, na kesho yake akafanya vile vile. Wengine wakamfuata, kila mtu na alichopata, huyu mtama, yule kipande cha boga, mwingine majani ya kunde tu. Bi Sikudhani alipokea vyote akavipika pamoja, akitaja kwa sauti kila alichotia. Chakula kilikuwa kibaya kuliko kile cha siri. Kilikuwa kichache pia. Watu walikula wakiulizana hiki ni nini na kile ni nini, nami nilifurahi kupata wenzangu.

Wadachi waliondoka wakati wa kiangazi, wakachoma walichoshindwa kubeba, na Waingereza wakaingia na njaa yao. Mume wangu alirudi baadaye, amekonda hata nikamtambua kwa mwendo tu. Duka la Hirji lilivunjwa katika siku zile ambazo hapakuwa na mwenye amri, naye akaondoka kwenda pwani. Kibwana alibaki hana kazi. Tulikuwa tukimwona akipita upande wa pili wa njia, haangalii kwetu, nguo zake zikizidi kumwia kubwa.

Kisha mchana mmoja alivuka. Aliketi pembeni ya mkeka, mbali na wengine.

"Leo kuna nini ndani?" akauliza.

"Mtama," Bi Sikudhani akamjibu. "Boga, na majani ya kunde. Chumvi hakuna."

"Muhogo?"

"Hakuna."

Nilimwekea sahani mbele yake. Hakuigusa. Bi Sikudhani akaja akaketi mkabala naye, akakata tonge katika sahani ile ile, akalila, akangoja. Kibwana alimtazama mpaka alipomaliza kumeza, kisha akanawa mikono.